Sura ya Sita: Tajiri, Weka Mzigo

Mwaka 2022 klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates wakamsajili David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia ambaye mpira wake unakaribia kasi ya maili 100 kwa saa. Kampala haikutikisika. Watu walikuwa na Arsenal yao, na klabu zao za nyumbani, Villa na Express, na besiboli kwa wengi ilikuwa mchezo wa shule chache za Mpigi, Mukono na Lugazi. Lakini anayetaka kukielewa kilio kinachosikika kila mwisho wa wiki katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kuanzia Bwaise mpaka Katwe, kilio cha tajiri asiyetaka kutoa pesa, na aanzie hapo. Kati ya klabu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Dodgers wanahesabiwa miongoni mwa wanaofungua pochi bila woga, na Pirates ndio ambao mashabiki wao wamepiga kelele mpaka sauti zimewakauka. Zote mbili zilikuja kutafuta vijana katika nchi moja.

Besiboli ya Uganda ina historia fupi yenye machungu. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya mashaka juu ya vyeti vyao vya kuzaliwa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafanikiwa kufika, timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na hawakurudi mikono mitupu: waliwafunga watoto wa Oregon 3-2. Nyuma ya juhudi hizo alikuwepo Mmarekani mzee, Richard Stanley, aliyetoa fedha zake kujenga viwanja na shule Mpigi, kando ya njia iendayo Masaka. Hakuwa akitafuta faida. Ndiyo maana kijana wa leo anayerusha mpira Mpigi ana mahali pa kusimama.

Pittsburgh mambo ni mengine. Mmiliki mkuu wa Pirates tangu 2007 ni Bob Nutting. Klabu hiyo ilimaliza misimu 20 mfululizo, 1993 hadi 2012, ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Ikaonja raha miaka mitatu, 2013, 2014 na 2015, ilipoingia hatua ya mtoano. Mashabiki wakadhani sasa tajiri ataongeza nguvu. Januari 2018 klabu ikawaondoa Gerrit Cole na Andrew McCutchen, nyota wawili ambao mji mzima uliwajua kwa majina ya kwanza, na makumi ya maelfu ya watu wakatia saini ombi la kutaka Nutting alazimishwe kuuza. Mwezi uliofuata chama cha wachezaji kikafungua malalamiko rasmi dhidi ya klabu nne, Pirates ikiwemo, kikihoji zinavyotumia fedha za mgawo wa mapato ya ligi. Hakuuza. Msimu wa 2025 ndege ndogo ikapita juu ya uwanja ikiburuta bango la kumtaka auze timu, na chini yake watu wakaimba maneno hayohayo.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba mwaka huohuo Pirates walikuwa na mrushaji bora kuliko wote katika upande wao wa ligi. Paul Skenes alishinda tuzo ya Cy Young ya 2025, na bado rekodi yake ilikuwa ushindi 10 na vipigo 10, kwa sababu wenzake hawakuwa na uwezo wa kumfungia pointi. Timu ilishinda mechi 71 ikapoteza 91. Mkataba wa Bryan Reynolds wa mwaka 2023, uliokuwa mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu hiyo wakati ule, ulikuwa wa dola milioni 106.75 kwa miaka minane. Dodgers walimpa Shohei Ohtani milioni 700 miezi michache baadaye, kisha wakatwaa ubingwa wa 2024 na wa 2025.

Mtu wa Kampala akisikia hayo atauliza mara moja: timu inayofungwa hivyo miaka nenda miaka rudi, mbona haishuki daraja? Swali hilo ndilo kiini cha mambo. Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Fedha za televisheni ya taifa zinagawiwa sawa kwa klabu zote 30, na juu ya hapo kila klabu huweka asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye kapu moja ambalo hugawiwa upya kwa wote. Uwanja wa Pirates, uliofunguliwa 2001, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma. Kwa hiyo mmiliki wa klabu ya mwisho hana njaa. Msimu ukiharibika, fungu lake linaingia vilevile, na thamani ya klabu inapanda mwaka hadi mwaka hata kama haijanunua mtu. Katika hali hiyo kubana matumizi hakuhitaji roho mbaya. Kunahitaji hesabu tu, na hesabu zinamwambia mmiliki akae kimya.

Ndiyo maana hasira za mashabiki wa huko mara nyingi hugonga ukuta. Mashabiki wa mji wa Oakland walijaribu kila njia. Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki wa Athletics, waliokuwa wamesusa uwanja kwa muda mrefu, waliamua kufanya kinyume: walijaa kwa makusudi, watu 27,759, wengi wakiwa wamevaa fulana zenye neno moja la kumtaka mmiliki, John Fisher, auze. Walitaka kuonyesha kwamba mji haukukosa watu, ulikosa mmiliki wa kuwapa sababu ya kuja. Usiku ule walishangilia mpaka mwisho, na timu ikashinda. Baada ya msimu wa 2024 Fisher akaihamisha timu kutoka Oakland.

Klabu kama Pirates inapotuma watu wake Uganda, ingawa nafurahi kwa ajili ya kijana aliyepata mkataba, siwezi kuacha kuona sababu iliyowaleta. Kijana wa Mpigi hana wakala mkubwa wala klabu kumi zinazomgombania kama kijana wa Jamhuri ya Dominika. Anapatikana kwa bei nafuu. Kwa Dodgers huo ni mkono mmoja kati ya mingi, kwani wananunua ghali na kutafuta nafuu kwa wakati mmoja. Kwa klabu isiyotaka kununua ghali, nafuu inakuwa ndiyo njia karibu ya pekee. Matoma anastahili kila dua. Akifika juu, atastahili pia mmiliki ambaye hatamuuza siku atakapoanza kudai mshahara wa kiwango chake.

Sasa turudi mjini.

Hakuna mmiliki wa timu aliyelaaniwa Kampala kuliko Stan Kroenke, mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga barabara ya Jinja. Alianza kununua hisa za Arsenal mwaka 2007, akashika sehemu kubwa 2011, na mwaka 2018 akanunua sehemu yote ya mwanahisa mwenzake, Alisher Usmanov, klabu ikawa yake peke yake. Miaka ya katikati hapo ndiyo iliyowafundisha vijana wa Kampala msamiati wa fedha za soka. Agosti 2011 walimwona Fàbregas akiuzwa, wakamwona Nasri akiuzwa, na katika mwezi huohuo wakafungwa 8-2 na Manchester United. Mwaka 2012 Van Persie akauzwa kwa Manchester United hao hao. Agosti 2013 Arsenal ilifungua msimu kwa kufungwa 3-1 nyumbani na Aston Villa, na uwanja mzima ukawaimbia kocha na mmiliki watoe pesa. Wiki mbili baadaye Özil akaja kwa pauni milioni 42.5, na bodaboda wa Wandegeya walipiga honi kana kwamba kombe limeshapatikana.

Utetezi wa klabu ulikuwa kwamba uwanja mpya, uliofunguliwa 2006 kwa gharama ya karibu pauni milioni 390, lazima ulipwe kwanza, na kwamba klabu inapaswa kujitegemea. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na mtu yeyote aliyejenga nyumba kwa mkopo anaielewa. Lakini mwaka 2014 na tena 2015 kampuni ya Kroenke ilichukua pauni milioni 3 kutoka kwa klabu kama ada ya ushauri, huku tiketi za Arsenal zikiwa kati ya ghali kabisa Uingereza. Kisha 2016, kwenye mkutano wa wenye klabu na wataalamu wa michezo huko Marekani, akasema kwamba kama shabaha yako ni kushinda ubingwa basi usingejiingiza kabisa katika kazi hiyo. Shabiki anaweza kuvumilia mmiliki maskini. Anaweza hata kuvumilia mmiliki mwenye bahati mbaya. Kumwambia wazi kwamba ubingwa anaouota sio unaomwamsha mmiliki asubuhi ni jambo jingine.

Kuna watu, wengine ni wasomi waheshimiwa, wanaosema shabiki wa Kampala hana haki ya kumdai Kroenke chochote: hanunui tiketi, hakai Islington, mtaa wa klabu, halipi kodi kule. Siwakubalii. Katika mzunguko wa 2022 hadi 2025 fedha za kuuza haki za televisheni za Ligi Kuu ya Uingereza nje ya nchi hiyo zilizidi zile za ndani kwa mara ya kwanza. Fedha hizo zinatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwa mwenye kibanda wa Kisenyi anayelipia king'amuzi kila mwezi, na yeye anaipata kwa fundi viatu anayetoa shilingi elfu moja au mbili mlangoni ili aketi kwenye benchi la mbao kwa dakika 90. Anatoa sehemu ya mlo wake wa jioni. Ukimlinganisha na tajiri wa London mwenye tiketi ya msimu, kwa kipimo cha alicho nacho mtu na alichokitoa, sioni kwamba fundi viatu amechangia kidogo.

Na anatoa zaidi ya shilingi. Januari 2023, siku moja baada ya Arsenal kuifunga Manchester United 3-2, polisi wa Jinja waliwakamata mashabiki wanane wa Arsenal waliokuwa wakiandamana mitaani na jezi nyekundu na kombe la kuigiza, kwa kosa la kuandamana bila kibali. Ligi ilikuwa bado imebaki nusu. Mimi siwacheki. Watu waliolala selo kwa ajili ya ushindi wa klabu iliyo ng'ambo ya bahari wamelipa ada ya uanachama ambayo haiandikwi katika daftari lolote la London.

Haki ya kudai, hata hivyo, haileti uwezo wa kudai. Mwaka 2019, baada ya Arsenal kufungwa 4-1 na Chelsea kwenye fainali ya Baku, vikundi vya mashabiki vya Uingereza vilitoa tamko la pamoja kumkabili Kroenke. Wiki chache baadaye klabu ikamnunua Nicolas Pépé kwa pauni milioni 72, rekodi yake wakati huo. Kampala ilishangilia. Miaka minne baadaye Pépé aliondoka bure. Aprili 2021, Arsenal ilipojiunga na mpango wa ligi ya matajiri wa Ulaya uliodumu siku mbili, maelfu walijaa nje ya uwanja wakimtaka aondoke, na Daniel Ek wa Spotify akajitokeza kutaka kununua. Kroenke akakataa. Kilichofuata ndicho kinachowatatiza wanaopenda hadithi nyepesi: kuanzia kiangazi kile alifungua pochi kweli, na mwaka 2023 Declan Rice akaja kwa pauni milioni 100 na nyongeza. Arsenal ikamaliza ya pili misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Wale waliomlaani walianza kumwita kwa jina la heshima. Je, alibadilishwa na kelele? Naamini zilichangia. Lakini naamini pia kwamba tajiri yule aliona klabu inayokosa Ligi ya Mabingwa inapoteza thamani, na huko, tofauti na Pittsburgh, kukosa nafasi kuna adhabu ya fedha.

Hapo tofauti inaanza kuonekana, na itatufaa tunapofika kwenye klabu ambayo Kampala inaweza kuiita yake.

Villa ilianza 1975 kama Nakivubo Boys, vijana wa karibu na uwanja wa Nakivubo, katikati ya maduka na stendi za mabasi. Ilichukua ubingwa wake wa kwanza 1982. Kufikia 2004 ilikuwa na mataji 16, zaidi ya klabu yoyote nchini. Mwaka 1991 ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kufungwa na Club Africain ya Tunisia, 6-2 ugenini na sare ya 1-1 nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la CAF. Majid Musisi alitoka Villa kwenda Rennes ya Ufaransa mwaka 1992. Paul Hasule aliongoza ulinzi kwa namna ambayo wazee wa Nakivubo mpaka leo wakiitaja wanasimama. Klabu hiyo haikuwa na mmiliki. Ilikuwa na watu wenye fedha waliokaa karibu nayo, akina Patrick Kawooya zama za mwanzo na Franco Mugabe miaka ya 2000, waliolipa mishahara kutoka mifukoni mwao, na ilikuwa na umma uliojaa Nakivubo na kuacha fedha mlangoni.

Vitu viwili vilivunjika karibu wakati mmoja. Cha kwanza ni imani. Mwaka 2003, katika mbio za ubingwa na Express zilizofika mpaka kuhesabiana mabao, Villa iliifunga Akol 22-1. Nalitaja bao kwa bao kwa sababu wapo vijana wanaodhani ni utani. Mtu aliyelipa kiingilio akaona mabao 22 hana sababu ya kulipa tena kwa moyo uleule, na mfanyabiashara aliyetaka kuweka jina lake kwenye ligi naye alikuwa akitazama. Cha pili ni televisheni. Setilaiti ilileta Uingereza mpaka Bwaise, picha safi, uwanja wa kijani, hakuna mvua juu ya kichwa chako. Mlango wa Nakivubo ukapoa. Matajiri wakachoka. Baada ya taji la 2004 Villa ikakaa miaka 20 bila ubingwa, na katika baadhi ya miaka hiyo iliponea chupuchupu kushuka daraja. Uwanja wa Nakivubo wenyewe ukabomolewa, na Villa ikahangaika na nyumba za kupanga, mara Masaka, mara Bombo, mara Wankulukuku kwa mahasimu wake Express. Mwaka 2024 uwanja ulipofunguliwa upya, umejengwa na mfanyabiashara Hamis Kiggundu, ulikuwa umezungukwa na maduka kila upande.

Katika miaka ile yote kilio kilikuwa kimoja: yuko wapi tajiri? Kila kiongozi aliyekuja alipimwa kwa swali la usajili. Akimleta mshambuliaji, ni baba. Mishahara ikichelewa, ni mwizi au ni bahili. Nimesikia mashabiki wa Villa wakimsema mwenyekiti wao kwa maneno yaleyale wanayomsemea Kroenke, kana kwamba wako mbele ya mtu wa aina moja. Hapo ndipo ninapoachana nao, ingawa uchungu wao naujua.

Tazama hesabu. Mwaka 2018 StarTimes iliingia mkataba na shirikisho la soka la Uganda, FUFA, wa dola milioni 7.24 kwa miaka 10. Hata kama fedha yote hiyo ingegawiwa kwa klabu 16 za ligi kuu bila kukatwa hata senti, kila moja ingepata kama dola 45,000 kwa mwaka. Haitoshi kuwalipa wachezaji 25 mshahara wa kuishi nao Kampala pamoja na basi, mafuta, kambi na daktari. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 2021, Azam ilisaini na Tanzania mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 za huko, zaidi ya mara 12 ya ule wa Uganda. Kwa hiyo anayeongoza klabu ya Kampala hakalii kapu la fedha za televisheni kama Nutting. Hana cha kubania. Kila shilingi anayotoa inatoka katika biashara yake nyingine, na haina njia ya kurudi. Ukimwita bahili, unamlaumu kwa kutokukupa zawadi kubwa zaidi.

Na hata zawadi ikiwa kubwa, mwisho wake uko karibu. Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa FUFA kuanzia 2005 hadi 2013, ameitendea klabu ya Vipers mambo ambayo mashabiki wa Villa wangeyaimba usiku kucha. Aliichukua Bunamwaya, akaibadilisha jina 2012, akaijengea uwanja wake Kitende kwenye ardhi ya shule zake za St Mary's, akashinda ligi mara kwa mara. Mwaka 2022 Vipers waliitoa TP Mazembe na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kabla makundi hayajaanza, Januari 2023, kocha wao, Roberto Oliveira, akachukuliwa na Simba ya Dar es Salaam, ambayo ilikuwa kundi hilohilo. Simba wakawafunga Vipers nyumbani na ugenini, 1-0 kila mechi, na Vipers wakamaliza wa mwisho. Tajiri mmoja wa Kitende, kwa ukarimu wake wote, alishindana na ligi nzima yenye fedha.

Nako Simba kwenyewe wimbo ni uleule. Mohammed Dewji alikubaliwa na wanachama mwaka 2017 kuchukua asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, na kwa miaka mingi baada ya hapo hizo bilioni 20, zimewekwa au hazijawekwa na kwa utaratibu gani, zilikuwa mjadala wa kila kijiwe kuanzia Kariakoo hadi Mwanza. Mahasimu wao Yanga waliponyakua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2022, sauti ya Msimbazi, makao ya Simba, ikawa moja: tajiri, weka mzigo. Lakini mwana-Simba ana kitu ambacho shabiki wa Pittsburgh hana. Ana kadi. Anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza fedha iko akaunti gani.

Villa wanayo pia, na ndiyo hazina wasiyoitumia. Mwaka 2021 wanachama wa Villa walipiga kura wakamchagua Omar Ahmed Mandela, mfanyabiashara ambaye familia yake ina vituo vya mafuta vya City Oil na migahawa ya Café Javas, kuwa rais wa klabu. Fedha ilikuja na utaratibu ukaja nayo. Msimu wa 2023/24, chini ya Mserbia Dušan Stojanović, Villa ikatwaa taji la 17. Wazee waliolia siku ile walikuwa wamengoja tangu 2004, na watoto wao waliowabeba mabegani walikuwa hawajawahi kuona. Miezi mitatu baadaye Villa ikatolewa raundi ya awali ya Afrika na CBE ya Ethiopia, klabu ya benki, na maswali yakarudi pale pale: mbona hatukusajili, mbona rais hatoi.

Swali hilo, nalirudia, ni halali Pittsburgh. Lilikuwa halali Arsenal ya 2014. Mtu anayepokea fedha za watu kwa jina la timu anadaiwa timu. Kwa Villa deni halijaanza, kwa sababu watu hawajatoa. Derby ya Villa na Express hujaza uwanja mara mbili kwa mwaka, na mechi ya katikati ya wiki dhidi ya timu ya mkoani unaweza kuwahesabu watazamaji kwa macho. Kibanda jirani, jioni hiyohiyo, kimejaa mpaka nje.

Kwa hiyo naliweka ombi langu kwa shabiki wa Villa, na wa Express, na wa KCCA ambayo fedha zake nyingi zimetoka kwa mamlaka ya jiji, yaani kwako wewe mlipa kodi. Ile elfu mbili ya kibanda, mara moja kwa mwezi, ipeleke mlangoni kwa klabu yako. Nunua kadi ya uanachama na uilipie kila mwaka. Ukishailipia, nenda kwenye mkutano mkuu, simama, na udai mahesabu yaliyokaguliwa: kilichoingia mlangoni, kilichotoka kwa mdhamini, alichokopesha rais na alichotoa bure, na mchezaji aliyeuzwa fedha yake ilikwenda wapi. Usikae mpaka ujibiwe. Siku watu 10,000 wa Kampala watakapokuwa wamelipa, mwambieni tajiri aweke mzigo, na akikataa mna kura ya kumtoa.

Mashabiki wa Pittsburgh hawana kura hiyo. Nutting bado ndiye mmiliki.